Silaha iliyofichwa isipite mulango wa depo



Wiki hii mama mumoja aliingia katika biro yetu na mutoto mugongoni. Bwana yake ni muchimbaji. Siku ile bwana alikuwa na homa, basi mama mwenyewe akapeleka mifuko sita kwenye depo, yeye na mudogo wa bwana yake. Jina la depo tunaliacha, na jina la mama pia, kwa sababu ndiye aliyetuomba hivyo. Ile mashini ya kupima, ambayo sote tunaiita Metorex, ikatoa teneri ambayo mama hakuweza kuikubali: mawe ya shimo lile lile, juma lililotangulia, yalitoa karibu mara mbili. Akaomba wapime tena, na wapime mufuko wa katikati, si ule wa juu. Pale karibu na balansi alikuwa ameketi mutu mumoja mwenye koti ya ngozi, na jua lilikuwa kali. Yule mutu akasimama, akainua koti kidogo upande wa kiuno, kisha akaishusha. Hakusema neno. Mama aliona mushikio wa bastola.

«Nikakamata zile franga, nikatoka,» alituambia. «Shemeji ananiuliza juu ya nini sikubishana. Nikamwambia: weye haukuona?»

Hakuja kutuomba tumurudishie franga zake. Alikuja na swali moja tu: «Ule mutu, sheria inamupatia ruhusa ya kuingia mu depo na kile kitu?»

Tulimukalisha, tukamupa maji, na tukaona aibu kidogo, kwa sababu tumekuwa tukiandika juu ya bei ya kobalti katika masoko ya mbali, na hatukuwa tumeandika hata mara moja juu ya kile kinachoshusha bei hapa hapa, mbele ya balansi. Basi leo tunamujibu, na tunajibu kwa sauti ya kusikiwa na wote, maana tunajua si yeye peke yake.

Tuanze na lililo wazi. Katika inchi yetu, raia hapati haki ya kutembea na bunduki kwa sababu tu ana franga za kuinunua. Sheria ya silaha na masasi ni ordonnance-loi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Ni ya wakati wa Zaïre, ndiyo, lakini kuzeeka kwa sheria si kufa kwake. Inataka kila raia mwenye silaha ya moto awe na permi ya Leta. Bila permi, kuwa nayo tu ni kosa, hata kama haijatoa sasi moja, hata kama haijatoka chini ya koti. Permi hutolewa kwa mutu. Haikopeshwi kwa dereva, kwa shemeji, au kwa kijana wa kukaa karibu na balansi. Na bunduki ya vita si kitu cha raia hata kidogo. Wale wanaokamatwa nayo, mara nyingi kesi yao inafika mbele ya auditorat militaire, na pale hakuna muchezo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mutu wa koti ni hili: permi iko wapi? Mama hawezi kumuuliza swali hilo, tunajua. Lakini komisaria wa polisi anaweza, na parke inaweza, na mwenye depo alipashwa kumuuliza kabla ya kumupa kiti.

Wengine watatuambia: ule si raia, ni mupolisi aliyevaa kiraia, au ni soda wa mukubwa fulani. Vizuri. Basi mambo yanakuwa mazito zaidi, si mepesi. Silaha ya mupolisi na ya soda si mali yake. Ni ya Leta, na inatembea kwa amri na kwa kazi iliyoandikwa. Amri gani inamutuma kukaa karibu na balansi ya munegosia, koti imefungwa, akiangalia wamama wanavyobishana juu ya teneri? Tena sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa 2018, katika kifungu cha 27 inawataja waaskari, wapolisi na watu wa usalama kati ya wale wasioweza kupata haki za migodi, wala karata ya muchimbaji, wala ya munegosia. Leta iliwatoa katika biashara ya mawe kwa sababu moja inayoeleweka na kila mutoto wa Kolwezi: mwenye bunduki akiuza au akinunua, hakuna anayebishana naye. Sasa akirudi kupitia mulango wa nyuma, amevaa koti ya ngozi, tuseme ni nini?

Na kama ni mulinzi wa kampuni ya gardiennage? Hata yeye hana ruhusa. Katika Kongo walinzi wa gardiennage hawabebi silaha za moto. Ndiyo maana mbele ya makampuni makubwa munaona watu wa aina mbili: mulinzi mwenye yunifomu ya kampuni na fimbo yake, na pembeni mupolisi mwenye bunduki ambaye kampuni imemuomba kwa Leta. Sasa, kama mulinzi mwenye yunifomu, mwenye jina la kampuni mugongoni, mwenye mukataba wa kazi, amenyimwa bunduki, yule asiye na yunifomu wala mukataba aliipata wapi?

Katiba yetu ya 2006 nayo imesema, kifungu cha 190: hakuna ruhusa ya kuunda vikundi vya kiaskari vya mutu binafsi au milisi, wala ya kuweka vijana wenye silaha, na mwenye kufanya hivyo Katiba inamuita musaliti mukubwa wa inchi. Mutu mumoja wa koti si milisi, hatutaki kukuza maneno. Lakini wawili depo hii, watatu depo ile, wote wanakula kwa mukono mumoja?

Hilo ni jibu la sheria kwa swali la mama: hapana, haimupatii ruhusa, ila awe na permi yake mwenyewe. Na hata akiwa na permi, sisi tunasema isitoshe. Permi inajibu swali la *nani*. Swali la *wapi* linabaki. Na kwenye milango yetu ya kila siku, swali la wapi limeachiwa mwenye mulango, ambaye mara nyingi ndiye anayemulipa mutu wa koti.

Leta inajua vizuri kwamba kuna mahali ambapo silaha haifai hata ikiwa ya halali. Siku ya kura, mutu haingie katika biro ya kura na bunduki. Hata mupolisi anangoja nje mpaka mukubwa wa biro amwite. Kwa nini? Kwa sababu mutu anayechagua huku anaangaliwa na bunduki hachagui. Sisi tunauliza: mutu anayeuza huku anaangaliwa na bunduki, je, anauza?

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu tumesikia watu wenye akili wakisema kinyume. Wanasema: afadhali ifichwe. Ikionekana inatisha watoto, ikifichwa hakuna anayejua, kila mutu anafanya kazi yake kwa amani. Maneno haya yanapendeza katika saloni ya munegosia, lakini hayafai katika depo.

Bunduki inayoonekana ina mwenyewe. Mupolisi anayesimama mbele ya lango na yunifomu yake, ana jina kifuani, ana matrikule, ana mukubwa wake, ana saa ya kuingia na saa ya kutoka. Akikosa, mutu anaweza kwenda kusema: ni yule, wa lango la pili, siku ya Jumanne. Hatusemi kwamba kila mara atasikiwa. Lakini ana kitu cha kusema. Bunduki iliyofichwa haina mwenyewe. Mama yule, kama angeenda komisaria, angesema nini? Koti nyeusi? Nusu ya vijana wa muji wana koti nyeusi. Aliona mushikio kwa sekunde mbili, na mwenye depo ataapa kwamba ile ilikuwa simu. Ndiyo uzuri wa kuficha, kwa yule anayeficha: inaonyeshwa kwa yule anayepashwa kuogopa, na haikuonyeshwa kwa mutu mwingine yeyote.

Tena, inaharibu hata wale wasiokuwa nayo. Tangu siku ile, mama anasema, kila mutu mwenye koti katika depo anamuona ana bastola. Bei yote inayotajwa anaiona imetajwa na bastola. Pengine mara ingine mashini itasema kweli, na munegosia atakuwa mutu wa haki, na yeye hatamuamini. Wanegosia waaminifu wapo, tunawajua, wengine wanasoma ukurasa huu. Wao pia wanapoteza.

Na kuna jambo la makelele. Wachimbaji wanabishana kwa sauti kubwa. Mutu anayeshinda chini ya udongo kati ya nyundo na jenereta hawezi kusema polepole akitoka. Katika depo watu wanapiga meza, wanavuta mufuko huku na huku, wanatukanana majina ya ukoo, na jioni wanakunywa pamoja. Ugomvi wa mikono unaisha na mudomo umevimba. Lakini tia bastola moja ndani ya ugomvi ule ule, katika chumba chenye mulango mumoja na watu arobaini. Si lazima ipige mutu. Inatosha ilie.

Tumeona kinachotokea masasi yakilia kati ya wachimbaji wengi. Mwezi wa Novemba 2025, kwenye kariere ya Kalando, jimbo la Lualaba, daraja lilianguka na wachimbaji waliokuwa wakikimbia. Wakubwa wa jimbo walitangaza wafu wasiopungua 32. SAEMAPE iliandika kwamba masasi ya waaskari waliokuwa pale ndiyo yaliyotia watu mbio. Pale silaha hazikuwa zimefichwa, na mahali hapakuwa depo. Tunaikumbusha kwa jambo moja tu: watu hawakufa kwa masasi. Walikufa kwa woga wa masasi, mahali pa kutokea palipokuwa padogo. Milango ya depo zetu mingi ni midogo kuliko daraja lile.

Depo ndiyo tuliyoanza nayo, lakini milango ni mingi. Hospitali: mutu ameletwa na jeraha, ndugu zake wanafika usiku, mumoja ana kitu kiunoni, na infirmière anaambiwa amuhudumie huyu kwanza. Nyumba za fidia na za malipo ya mwezi, pale wajane wa ajali za mugodi wanapanga mustari. Biro za kooperativi siku ya kuchagua wakubwa. Nganda za usiku, na hapa hatuhitaji kueleza, kila familia inayo hadithi. Tribinali, ambako shahidi anaketi mita tatu na mutu anayemushitaki. Hata kanisani, tumeambiwa, mukubwa mumoja huingia na mulinzi wake na koti haivuliwi hata wakati wa maombi. Mungu anaona chini ya koti, lakini wanaoketi benchi moja naye hawaoni.

Sasa, wengine hutuambia kwamba kukataza silaha mulangoni ni mawazo ya watu wa makaratasi, kwamba katika dunia ya kweli hakuna inchi inayofanya hivyo. Si kweli, na hatuendi mbali kuona.

Malori yanayobeba mawe yetu yanatoka Kasumbalesa, yanapita Zambia, na mengi yanafika mpaka bandari ya Durban. Huko Afrika Kusini bastola za raia ni nyingi na wanyang'anyi ni wengi. Madereva wetu wanajua. Sheria yao ya silaha, namba 60 ya mwaka wa 2000, inamuambia mwenye bastola kwamba akiwa mahali pa watu wote aifunike kabisa. Ndiyo, kule kuificha ni amri. Lakini sheria ile ile, kifungu cha 140, inamupa waziri uwezo wa kutangaza kwamba jengo fulani, au aina fulani ya majengo, ni mahali pasipoingia silaha, na anayeingia nayo anahukumiwa, permi au hakuna permi. Kwa hiyo walitenganisha yale maswali mawili tuliyosema: nani, na wapi.

Kuna pia ndugu zetu waliofika Marekani, na si wachache walioko Texas, upande wa Dallas na Houston. Texas ni mahali ambapo bunduki inapendwa kama sisi tunavyopenda mupira. Tangu Septemba 2021, mutu wa miaka 21 ambaye sheria haijamukataza anaweza kubeba bastola yake bila permi yoyote. Sasa sikilizeni. Pale pale, mwenye duka, mwenye restorani, mwenye kampuni, anaweza kubandika tangazo mulangoni kumukataza hata mwenye permi kuingia na bastola aliyoificha. Sheria imeandika tangazo liwe namna gani: kwa Kiingereza na Kispanyola, kwa sababu ndizo lugha za watu wa kule, na herufi zisipungue inchi moja, karibu sentimita mbili na nusu, mutu asiseme hakuona. Watu wanaliita kwa namba ya kifungu chake, 30.06. Na nyumba inayopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa pombe inayonywewa pale pale inabandika bango lenye 51% kwa rangi nyekundu: hapo bastola marufuku. Shule, tribinali na biro za kura nazo zina makatazo yao. Hata tribinali kubwa ya Marekani, katika hukumu yake ya Juni 2022 juu ya sheria ya New York, iliyofungua sana mulango wa kubeba bastola njiani, ilisema kwamba shule, majengo ya Leta, tribinali na mahali pa kura vinaweza kukatazwa.

Hatusemi tuige Texas. Huko watu waliuawa kanisani Sutherland Springs mwaka wa 2017, na katika duka kubwa la El Paso mwaka wa 2019. Karatasi mulangoni haimuzuii mutu aliyeamua kuua. Lakini fikirini: mutu wa koti katika depo yetu hakuja kuua. Alikuja kushusha teneri, na kesho anataka kurudi, akae kiti kile kile, anywe chai. Mutu wa namna ile ndiye tangazo linamuuma. Akikatazwa mulangoni mbele ya watu, kazi yake imekwisha, kwa sababu kazi yake yote ni kuingia.

Tumeongea pia na wanegosia wawili kabla ya kuandika, kwa haki. Wote wawili walituambia jambo moja, na ni la kweli: «Shiye tunalala na franga mu nyumba.» Munegosia analipa kwa mukono. Asubuhi anatoka banki na mufuko, jioni anarudi na kilichobaki, na wezi wenye silaha wanamujua. Wamekwisha kuzika wenzao. Hatuwezi kuwaambia wabaki mikono mitupu, kisha sisi turudi nyumbani kulala.

Lakini franga zinashambuliwa njiani na usiku, si saa nne asubuhi mbele ya mama mwenye mifuko sita. Kama mulinzi ni wa kulinda franga, akae na franga: katika gari, kwenye chumba cha nyuma, kwenye lango la nje. Akikaa karibu na balansi, analinda balansi. Na kama ni mupolisi aliyeombwa kwa njia ya sheria, avae yunifomu, asimame nje, jina lake liandikwe kwenye kitabu cha lango, ili wezi wamuone vizuri. Mwizi huogopa silaha anayoiona. Ile ya kuficha, hata kwa kazi ya ulinzi, haisaidii sana mupaka siku ya kuitumia. Tena malipo kwa simu yapo, na wachimbaji wengi wameyazoea kwa kutuma franga nyumbani. Depo inayolipa nusu kwa simu ina nusu ya franga za kulinda.

Munegosia wa pili alituuliza pia, akicheka: na nani atamukagua mutu wa mukubwa? Alikuwa anasema kweli kwa njia ya mizaha. Tunajua kwamba bunduki zingine zinazokaa katika depo zimekodishwa na wale wale wanaopashwa kuzikamata. Tunajua mupolisi wa cheo cha chini anayelipwa kidogo hatamufungua koti kapteni. Hatuna dawa ya jambo hili katika ukurasa mumoja wa gazeti. Lakini tuna hili: leo, mupolisi yule akitaka kumukataza, hana hata karatasi ya kuonyesha. Mupeni karatasi. Siku moja kati ya siku kumi ataitumia, na hiyo ni siku moja kuliko leo.

Kwa hiyo, kwa wakubwa wa miji na wa majimbo yetu mawili, Haut-Katanga na Lualaba, tunaomba uamuzi ulioandikwa: kila depo na kila komptwari, kabla ya kupewa au kurudishiwa karatasi zake za kazi, iweke mulangoni tangazo kwa Kiswahili na Kifransa, herufi kubwa, kwamba silaha haingie mahali pa kupimia na kulipia, ya raia au ya mutu wa Leta asiye kwenye kazi iliyoandikwa. Sanduku la chuma lenye kufuli kwenye lango, na kitabu: jina, matrikule au namba ya permi, saa. Anayekataa kuandika jina, asiingie. Hospitali na tribinali zianze hata kabla ya depo, zile ni nyumba za Leta, hazihitaji kumubembeleza mutu.

Kwa kooperativi: ninyi ndio wenye mawe. Kooperativi yenye wachimbaji mia tatu ikisema haipeleki mufuko kwenye depo yenye mutu wa koti, depo ile itamuvua koti kabla ya juma kuisha. Tumeshangaa kwamba kooperativi zinabishana miezi juu ya makato ya kilo, na juu ya jambo hili zinanyamaza. Tena wanunuzi wa mbali, wale wanaouza kobalti kwa viwanda vya betri, wanaulizwa na wateja wao juu ya silaha mahali mawe yanapotoka na yanapopita. Mwongozo wa OECD, unaofuatwa na wengi wao, unataja wazi watu wenye silaha wanaotoza au kulazimisha wachimbaji na wauzaji. Mwenye depo anayetaka mawe yake yapite bila maswali, bastola karibu na balansi ni swali. Mumukumbushe.

Na kwenu familia. Tunaandika kwa uangalifu hapa, kwa sababu hatutaki mutu aumizwe kwa kusoma gazeti letu. Ukiona silaha ndani ya depo, usibishane na mwenyewe, usimuulize permi, usimupige picha. Kamata kitu chako, toka. Andika siku, saa, depo, na watu waliokuwepo. Usiende kuuza peke yako, hasa wamama. Muende watatu, wanne, siku moja, mifuko pamoja. Pelekeni maandishi yenu kwa kooperativi, kwa SAEMAPE, na kwa parke, wote kwa siku moja, ili hakuna anayeweza kusema barua ilipotelea kwa mwenzake. Ukiogopa kwenda, lete kwetu. Majina hatutayaandika.

Mama yule amebakiwa na mifuko mine nyumbani, bwana bado hajaondoka kitandani, na mwenye lupango anadai franga za mwezi. Jumamosi atarudi kuuza, na depo zilizo karibu naye ni mbili tu. Amekubaliana na wamama wengine watatu kwenda pamoja. Mumoja wetu atakuwa nao.